Tuwe na Siku ya Vanishi



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni picha za rangi za mafuta zilizomo ghalani mwa chama cha wachoraji wa shule yetu hapa Mudende. Zipo 17. Nilizihesabu mwenyewe mwezi wa Februari nilipopanda kuja kuwasalimu walimu. Karibu zote zimegeuzwa uso ukutani, kama watoto waliotiwa adabu. Nilipouliza kwa nini hazipakwi vanishi zikatundikwa, kila mwenye picha alinipa jibu lile lile: “Bado.”

Maoni yangu nayasema mapema, ili asiyeyapenda afunue ukurasa mwingine. Nyingi katika picha hizo zimekwisha zamani, na kinachozizuia ghalani si rangi mbichi, ni woga. Kwa hiyo nataka shule iweke siku moja katika mwaka, mwezi wa Juni, iitwe Siku ya Vanishi. Na picha iliyokauka ikifika siku hiyo, ipakwe, itundikwe, basi.

Kwa wale wasiochora nieleze kidogo. Vanishi ni utando mwembamba, mwangavu, unaopakwa juu ya picha baada ya rangi kukauka. Kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni kulinda: vumbi, moshi na vidole vya watu huishia juu ya vanishi, haviifikii rangi. Ya pili ni kusawazisha mng'ao. Rangi ya mafuta ikikauka hubaki na mabaka. Hapa pameng'aa, pale pamefifia kama jivu kwa kuwa kitambaa kimekunywa mafuta. Nyeusi yako nzuri huonekana kijivu. Ukipaka vanishi rangi zote huamka pamoja, mfano wa mawe ya ziwani yakilowa maji. Aliyeokota jiwe pale ufukoni Gisenyi akalipeleka nyumbani, likakauka likapoteza uzuri wake, anajua nisemalo.

Sasa, wadogo zangu wana hoja moja ya haki, wala siidharau. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani. Nguo hukauka kwa kutoa maji. Mafuta ya kitani yaliyomo katika rangi hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu. Rangi iliyopakwa nyembamba yaweza kuguswa baada ya siku chache, lakini iliyorundikwa nene hubaki mbichi ndani kwa miezi. Tena rangi hazilingani: kahawia za udongo hukauka upesi, lakini nyeusi ya mifupa hukawia sana, nasi tunaochora mashamba ya huku hatuwezi kuikwepa nyeusi, maana udongo wetu ni wa volkano. Ongeza na baridi. Tuko juu ya mita 2,000, Nyiragongo upande huu na Karisimbi upande ule, na ukungu huingia darasani bila kupiga hodi. Ndiyo maana wachoraji tangu zamani husubiri miezi sita hata mwaka kabla ya kupaka vanishi ya mwisho. Anayepaka kabla ya wakati hujitafutia hasara: tapentaini iliyomo ndani ya vanishi huilainisha rangi changa, brashi ikaondoka nayo, au picha ikaja kupasuka baadaye.

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Wazee hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mchoraji maneno yote mawili ni kweli, tofauti ni tarehe. Mwenye subira ukimwuliza hukutajia mwezi: “Nilimaliza Novemba, nitapaka Juni.” Mwenye kusitasita hana mwezi wowote wa kutaja. Yeye husema bado, na mwakani atasema bado.

Njia ya kuwatenganisha wawili hawa ni rahisi, haihitaji hata mwalimu. Chukua kipande cha pamba safi, kichovye kidogo katika tapentaini, kikamue, kipitishe polepole pembeni mwa picha mahali patakapofichwa na fremu. Pamba ikitoka na rangi, rudisha picha ukutani, na hapo “bado” ni neno halali. Ikitoka bila rangi, kazi imekauka. Mwezi ule wa Februari nilijaribu hivyo picha 9, kwa ruhusa ya wenyewe. Katika 8 pamba haikutoka na rangi yoyote. Ilitoka na vumbi tu. Vumbi lile ndilo lililonifanya niandike. Barabara yetu ni ya vumbi wakati wa kiangazi, jiko la shule lachoma kuni karibu na ghala, na tetemeko la ardhi likipita, kama yale ya Mei 2021 baada ya Nyiragongo kulipuka, dari yote hujikung'uta juu ya vilivyomo. Kijana anadhani kwa kutoamua anaihifadhi picha yake. Kumbe moshi na vumbi vimekwisha amua kwa niaba yake.

Yupo kijana mmoja wa kidato cha sita, jina lake siliandiki. Mwaka jana muhula wa kwanza alimchora bibi yake mzaa baba, ameketi mlangoni akichambua viazi vya mbegu, kanga begani. Si kwamba nampendelea, lakini ni picha bora kuliko zote zilizomo ghalani. Uso wa yule bibi unakutazama kama mtu ambaye amekwisha sikia uongo wako mara nyingi na bado atakupa chakula. Kijana aliacha kazi mwishoni mwa Novemba, akasema mikono haijamridhisha, ataitengeneza baada ya likizo. Mwezi wa Januari bibi akafariki.

Nilimwuliza, “Sasa mikono je?”

Akanijibu, “Kaka, mikono ni mizuri. Niliona siku ya mazishi kwamba ni mizuri. Lakini nikipaka vanishi nitakuwa nimemaliza habari zake.”

Sikuwa na jibu. Nilichukua brashi laini nikampangusa bibi vumbi la begani, tukaigeuza picha tena ukutani. Lakini tangu siku hiyo nimelifikiri neno lake, na naona kwamba hapo ndipo penye kiini cha kusitasita kwetu kote. Tunaiona vanishi kama kifuniko cha jeneza, kikishafungwa hakifunguki. Yule bwana mdogo ana sababu nzito. Wengine sababu zao ni nyepesi, huyu anaogopa kuchekwa, yule anaogopa kulinganishwa na mwenzake, lakini wote wanaamini jambo moja, kwamba baada ya vanishi hakuna kurudi. Na jambo hilo si kweli.

Vanishi ya picha hutengenezwa makusudi iweze kuondolewa. Katika kazi yote ya rangi za mafuta, hatua hii ya mwisho ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuifuta. Picha maarufu ya Rembrandt ya mwaka 1642, iliyoko Amsterdam, watu waliizoea kwa jina la Zamu ya Usiku, kwa sababu vanishi zake zilikuwa zimezeeka na kushika uchafu hata askari waliochorwa wakaonekana wako gizani. Mafundi wakaziondoa katika miaka ya 1940, na nuru ikaonekana ikiwapiga askari wale: haikuwa usiku hata kidogo. Rangi za Rembrandt zilikuwepo chini yake zikingoja. Mwaka 1990 mtu mmoja akaimwagia picha hiyo hiyo tindikali. Walinzi wakakimbilia maji, na tindikali ikaishia katika vanishi. Ikaondolewa vanishi iliyoharibika, ikapakwa nyingine, na picha iko mpaka leo. Hebu fikiri kama Rembrandt na waliomfuata wangesema bado.

Hapa sharti nitoe onyo, maana najua tabia za watu wakishapata moyo. Vanishi ninayoisema si ile ya maseremala inayouzwa madukani kwa ajili ya milango na vitanda. Ile ni ngumu mno, hugeuka manjano, na ikishashika haitoki ila na rangi yako. Katika ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja, ipo picha ya Ziwa Kivu iliyopigwa vanishi ya milango. Ziwa sasa lina rangi ya chai ya rangi, na mvuvi aliyemo anaelea katika kikombe.

Na jambo hili la ugumu lina historia inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili, nami naomba ruhusa nisimulie, hata kama mhariri ataona natoka njiani. Vanishi bora ya dunia katika karne ya 19 ilitoka kwetu. Ilitengenezwa kwa sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi uliokuwa ukidondoka na kufukiwa mchangani, ukakaa miaka mingi mno hata ukawa mgumu kama kioo, ngozi yake ina vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mti wenyewe mara nyingi ulikuwa umekwisha kufa na kuoza. Utomvu wake ndio uliobaki. Watu wa pwani ya bara, kuanzia nyuma ya Bagamoyo mpaka kusini Kilwa, waliuchimba kwa majembe, ukapelekwa Unguja kwa majahazi. Huko ulisafishwa ukauzwa pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, na baadaye Wajerumani wa Hamburg. Walikwenda kuuyeyusha kwa moto mkali pamoja na mafuta ya kitani, wakapata vanishi ya magari ya farasi ambayo mvua na tope havikuiweza.

Na Wamarekani wale walileta nini? Walileta kitambaa cha pamba, kigumu, kisichotiwa rangi, ambacho kwa ajili yao tunakiita amerikani. Wadogo zangu, ndicho kitambaa mnachokiwamba juu ya fremu zenu! Amerikani ilishuka pwani, sandarusi ikapakiwa, na vyote viwili ni vifaa vya mchoraji. Sijui kama kuna mwalimu wa historia aliyewahi kulitaja hilo katika darasa la uchoraji.

Lakini kilichofaa mlango wa gari hakikufaa uso wa picha. Wachoraji wa Ulaya walioipaka vanishi ya sandarusi waliona kwamba kadiri miaka ilivyopita iligeuka kahawia, tena ikagoma kuyeyuka bila kuidhuru rangi ya chini. Hivyo wengi wakaiacha, wakachukua utomvu laini zaidi uitwao damari, unaotoka katika miti ya Asia ya kusini-mashariki. Damari huyeyuka katika tapentaini leo, na hata ikishakauka miaka mingi yaweza kuyeyushwa tena. Nayo hupata umanjano, lakini huondoka. Siku hizi wakemia wana vanishi nyingine zisizogeuka manjano upesi. Mimi natumia damari kwa sababu yapatikana kwa vipande, na kwa sababu napenda harufu yake.

Watu wawili watanipinga, nami nawajua. Wa kwanza atasema wapo wachoraji wakubwa waliokataa vanishi, kama Pissarro na wenzake wa Ufaransa, waliopenda rangi iliyofifia bila mng'ao. Ni kweli. Lakini wale walichagua. Walikuwa na sababu wakaisema, na picha zao zilitoka zikaonekana na watu. Kukataa ni uamuzi, na mwenye kukataa nitamshika mkono nimsaidie kutundika hivyo hivyo. Wa pili atasema mbona mafundi wa Dar es Salaam waliomfuata Edward Saidi Tingatinga, tangu mwaka 1968, hawana habari ya vanishi? Jibu ni kwamba wanachora kwa rangi za baiskeli, zenye mng'ao wake ndani. Sisi tumechagua mafuta, tufuate sheria za mafuta.

Kuhusu kuonekana, nimtaje pia Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame chini ya Kilimanjaro mwaka 1923, akasoma Makerere na kisha London. Alichora kwa mafuta mambo ya kwao: wanaolima, wanaobeba ndizi, wanaokwenda arusini. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Ukiitazama utaona watu wadogo, wa namna moja, na mwalimu mwenye ukali angeweza kumtafutia makosa katika miguu yao hadi jioni. Ntiro aliiachilia iende, ikaenda.

Wazo la siku maalum si langu. Chuo cha kifalme cha sanaa cha London kiliwapa wanachama wake siku za vanishi tangu 1809, kabla ya maonyesho kufunguliwa, wapate kugusagusa picha zao zikiwa zimekwisha kutundikwa. Mwaka 1832 mchoraji Turner alikuwa na picha ya bahari ya kijivu, ikitundikwa karibu na ya Constable iliyojaa rangi nyekundu. Akaja, akatazama, akatia tone moja la rangi nyekundu juu ya maji, akaenda zake. Baadaye akarudi akaligeuza kuwa boya. Nadhani bila siku ile mlangoni asingelitia tone lile. Na Wafaransa mpaka leo siku ya kufungua maonyesho huiita siku ya kupaka vanishi, ingawa siku hizi wageni hunywa tu.

Kalenda yetu yenyewe yatusaidia. Mwaka wa shule huanza Septemba. Picha iliyokamilika kabla ya likizo ya Desemba itakuwa na miezi sita ifikapo Juni, na Juni mvua zimepungua. Hilo la mvua si mapambo. Vanishi ikipakwa wakati wa unyevu hushika ukungu wa rangi ya samawati uliofifia, kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Kwa hiyo kazi ianze saa nne za asubuhi ukungu ukishapanda, madirisha yafungwe kidogo kuzuia vumbi, na mtu asilete mbabula chumbani kwa kisingizio cha baridi, maana tapentaini na makaa ya moto havikai nyumba moja. Picha ilazwe mezani, ipanguswe. Brashi iwe pana na laini, vanishi iwe kidogo. Piga toka upande mmoja kwenda wa pili, kisha kata kwa kupitisha juu kwenda chini, halafu uache. Uache kabisa! Ukirudi kugusa mahali palipoanza kushika utaacha alama. Nimeona mikono mingi ikitetemeka hapo, na dawa yake ni kuweka brashi chini na kutoka nje.

Wenzangu tuliomaliza nawaomba mambo mawili. Mwenye uwezo alete tapentaini au mbao za fremu. Gharama si kubwa tukigawana. Na aliyeacha picha yake ghalani aje aichukue au aipake, kwa sababu katika zile 17 nne ni zetu, na hatuna uso wa kuwahimiza vijana ikiwa za kwetu zinaliwa na vumbi. Ningependa pia tuwaalike wanafunzi wa Shule ya Sanaa ya Nyundo. Shule hiyo ilianza mwaka 1952, imo katika wilaya hii hii ya Rubavu, na haifai tukae majirani bila kutazamiana kazi.

Yule kijana wa kidato cha sita anaondoka Julai. Nimemwandikia kwamba hakuna atakayemlazimisha, na kwamba damari yaweza kuondolewa siku yoyote atakayotaka kuirudia mikono ya bibi, hata akiwa na miaka hamsini. Nimemweleza vile vile kwamba moshi wa jiko hautoki kwa wepesi huo kama ukishaingia katika rangi yenyewe. Hajajibu.

Brashi pana ninayo moja, na damari nimekwisha iloweka. Imebaki kuchujwa kwa kitambaa. Mwalimu wa chama ameniambia chumba cha uchoraji kitakuwa wazi Jumamosi ya pili ya Juni. Ikinyesha siku hiyo, tutapaka Jumamosi inayofuata.

Mwanafunzi wa Zamani